Hodi Chini ya Lami

Shimo lilizibwa Jumatatu. Jumatano likawa limefunguka tena pale pale, mbele ya duka la miwani. Dereva wa mtambo wa kushindilia lami, ambaye kila mtu alimwita Shindilia, alilitazama kwa uchungu wa fundi aliyedharauliwa. Barabara Kuu aliijua nje ndani. Ilishapewa jina la mfalme, la jenerali, kisha la uhuru, na kila jina lilikuja na lami yake, lakini shimo hili halikujali nani anatawala.

Alizima injini ashuke kulikagua. Chini ya buti zake kukagongwa: ngo, ngo, ngo. Harufu ya plasta mbichi ikampanda puani, na hapakuwa na nyumba inayojengwa.

"Umesikia?" alimuuliza msimamizi.

"Nimesikia njaa. Ziba tukale."

Jioni, umeme ulikatika nyumbani, redio ya baba yake ikanyamaza, na chini ya sakafu ya sebule zikaja hodi zile zile: ngo, ngo, ngo.

Redio ile haikuwahi kuzimwa, hata siku ya msiba wa mama. Ndugu walimtania mzee kwamba watamzika nayo. Sasa alikuwa mgonjwa, mifupa mitupu, amejishika masikio.

"Wamenifuata," alinong'ona. "Wewe umezima injini, mwanangu."

"Akina nani, baba?"

"Wakati wa vita bomu liliangukia Barabara Kuu, nyumba tatu mpya, plasta bado mbichi, zikazama na watu ndani. Nilikuwa dereva wa tingatinga. Utaratibu ulikuwa filimbi ikilia, kila mtambo unazimwa, watu wasikilize kama kuna anayegonga chini ya kifusi. Tingatinga langu stata ilikuwa mbovu, nikilizima haliwaki. Na jeshi lilitaka barabara kabla ya jua kuzama. Filimbi ililia mara tatu. Wote walizima. Mimi sikuzima. Jioni nikafukia."

Shindilia alimwonea baba yake huruma, akamwogopa pia.

Kesho yake akaja mganga, mama mwenye mkoba wa ngozi na haraka nyingi. Alilaza sikio sakafuni, akainuka polepole.

"Wataondoka. Ila wakigonga, asijibu mtu. Ukimwambia mmoja karibu, umewakaribisha wote."

"Waacheni," mzee akasihi. "Niwajibu mara moja tu, nife."

"Baba, nina mke na mtoto mchanga humu ndani!"

Ubani ukafukizwa. Ile sauti ya ngumi ikahama, kutoka sebuleni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi barazani, bila haraka, mpaka ikapotelea upande wa barabara. Mzee akageukia ukutani.

"Umewafukuza," alisema, "na hata hukuwauliza wako wangapi."

Siku ya tatu akafa.

Walipotoka kuzika, waombolezaji wakatawanyika, mkewe akajilaza na mtoto chumba cha ndani. Shindilia alibaki sebuleni na redio inayobwabwaja. Akaizima. Ilikuwa alasiri, jua limejaa dirishani, na, ukiacha jioni ile umeme ulipokatika, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nyumba ile ilikuwa kimya, kimya kilichoingia kila kona na kushuka mpaka sakafuni, na pamoja nacho ikapanda harufu ya plasta mbichi, kwanza kidogo, kisha nzito mpaka ikamkaba koo, na kabla hajainuka kitini kukagongwa chini ya miguu yake, mbili za haraka, na ya tatu imechelewa.

Ndivyo baba yake alivyogonga mlango maisha yake yote akitoka kazini, naye, alipokuwa mtoto, alikuwa akikimbia kumfungulia.

Machozi yakamtoka. Aliutazama mlango wa chumba cha ndani. Akashika redio, kidole juu ya swichi. Angeiwasha tu, asingesikia kitu tena mpaka uzee wake.

Ngo, ngo... ngo.

Mzee alikuwa huko chini pamoja nao, gizani, anasubiri mtambo mmoja uzimwe.

Shindilia aliweka redio mezani, akapiga magoti.

"Karibu, baba," alisema.

Chini ya chumba alicholala mtoto, ngumi nyingine ikagonga. Kisha nyingine.