Chumvi Nyeupe Kijitoni

Samaki walikuwa wameelea matumbo juu kijito kizima, na nyasi za ukingoni zimeungua kana kwamba zimemwagiwa maji ya moto. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imekatika juzi tu. Mpelelezi alipofika asubuhi, akakuta watu wameshampata mkosaji wao: mtia rangi nguo, mtu mzima, pua inamvuja damu.

"Ndiye huyu! Kwake magunia ya chumvi yamejaa!"

Magunia yalikuwepo kweli, maana bila chumvi rangi haishiki kitambaa. Na mawe ya kijitoni yalikuwa yamegandwa na chumvi. Mpelelezi akakwangua kidogo kwa ukucha, akaonja, akatema. Lo, chungu! Lakini ilikuwa nyeupe pe.

"Maji yako ya chumvi unayamwaga saa ngapi?" akamuuliza.

"Nikishatoa nguo, dada'angu. Yanatoka na rangi yake. Wiki hii nilitia buluu tupu, tazama."

Mikono ilikuwa buluu hadi viwikoni. Mpelelezi alikagua jiwe kwa jiwe asione buluu hata chembe. Akampeleka rumande hivyo hivyo, kwa sababu nje wangemmaliza.

Kisha akafuata kijito kwenda juu. Huko kulikuwa na mtambo wa kusafisha maji taka ya mji mpaka yakanyweka. Msimamizi wake alikuwa mume wa dada yake, aliyezoea kunywa bilauri ya maji hayo kila asubuhi mbele ya wageni ili wasiyaonee kinyaa.

"Karibu, shemeji! Umekuja kunywa au kunikamata?"

"Nionyeshe bwawa kwanza."

Chumvi na uchafu wote unaobaki baada ya kuchuja ulikuwa ukiingia bwawani, ukaukie juani. Ukutani, alama mbichi ya tope ilionyesha maji yalikuwa yamefika ukingoni kabisa. Sasa yalikuwa ya magotini.

"Wiki nzima mvua, halafu bwawa linapungua? Yamekwenda wapi?"

"Jua limeyakausha, shemeji."

"Jua la siku mbili? Hebu acha."

Akaenda kwenye koki ya upande wa kijito, ile isiyoguswa miaka yote. Kutu yake ilikuwa imebanduka upya, na ardhi chini yake nyeupe pe. Shemeji yake akakaa chini palepale, juu ya tope.

"Lilijaa," akasema. "Ama nizime mtambo mji ukae na kiu, ama nifungue. Ningezima, watu wangesema, si tuliwaambia, maji ya chooni hayana maana! Miaka yote napigana na kinyaa chao. Nikajua mvua itayazimua, yatapita. Mvua ikakatika."

"Na ulivyosikia mtu anapigwa kwa kosa lako?"

"Niliogopa."

"Uliuonea huruma mtambo, binadamu mwenzio hukumwonea."

Mpelelezi roho ilimuuma, kwani shemeji huyu ndiye aliyemlipia shule. Alimfunga pingu mwenyewe, hakutaka mwingine amguse. Mtambo ukazimwa adhuhuri ile, mpaka bwawa jingine lichimbwe.

Jioni mtia rangi akafunguliwa, midomo imempasuka kwa ukavu.

"Dada'angu, nisaidie maji ya kunywa."

Mpelelezi akafungua bomba la kituoni. Likakohoa, likadondosha matone mawili, likanyamaza. Akabaki amesimama na kikombe mkononi, na mtia rangi anamngoja.