Asiye na Kitovu

Mzee wa mapokezi aliwaongoza kwenye korido bila kuwatazama usoni hata mara moja. Walipofika kwenye chumba chao aliupa mlango mgongo, akapapasa tundu la kufuli kwa kidole gumba, akatia ufunguo, kisha akausukuma mlango kwa kisigino. "Karibuni," akaiambia sakafu, akaondoka upesi kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Bonge alisema labda mzee ana haya. Dada yake akasema haya gani za mtu mwenye mvi, yule hana adabu tu. Mama yao, ambaye hakuona lolote kati ya hayo, aliwaambia wanyamaze wote wawili wamwonyeshe kitanda kilipo, maana kiuno chake kilikuwa kimesalimiana na kila shimo la barabara tangu alfajiri.

Macho ya mama yalikuwa yamefungwa bendeji. Walikuwa wanamrudisha nyumbani kutoka hospitali kubwa, kwa gari kuukuu la Bonge, baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari alikuwa ameonelea ayafanye macho yote mawili kwa pamoja kwa vile wametoka mbali, na sharti lake lilikuwa moja tu: bendeji isiguswe mpaka muuguzi wa zahanati ya kwao aifungue siku ikifika. Ikifunguliwa kabla, alisema, msije mkanilaumu.

Mama alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa wao ilipokelewa na mikono yake, na akigombana na mtu sokoni hakukosa kumkumbusha kwamba yeye ndiye aliyemwona wa kwanza, tena akiwa uchi. Bonge alikuwa mwanawe wa kwanza. Wa mwisho alikuwa huyu binti, msusi wa nywele, na kwa kuwa ni kitindamimba, nyumbani na mtaani kote alijulikana kwa jina la Kitinda.

Ndugu hawa walikuwa wamezozana njia nzima. Kitinda alitaka walale mjini, mahali penye jina. Bonge alisema mjini wanauza jina, kitanda ni kitanda. Basi wakaishia hapa, kwenye nyumba ndefu ya chini iliyojengwa kando ya barabara kuu, kati ya uwanja wa malori na duka la matairi makuukuu, vyumba vimepangana kama mabehewa. Chumba chao kilikuwa na vitanda viwili, chandarua chenye viraka, ndoo, na kandambili mbili, zote za mguu wa kushoto. Kitinda alimwonyesha kaka yake zile kandambili bila kusema neno.

Juu ya sinki palikuwa na mraba mweupe ukutani na matundu manne ya skrubu. Kioo kilikuwa kimeng'olewa. Runinga ilikuwa imegeuzwa ikatazama ukuta, na Bonge alipoigeuza alikuta uso wake umepakwa rangi nyeusi kwa brashi, wote, mpaka pembeni. Akairudisha ilivyokuwa, akasema anakwenda kwa fundi kuziba pancha kabla jua halijazama.

Kitinda akamlaza mama, akachukua ndoo kwenda kuteka maji. Bafu lilikuwa mwisho wa korido. Aliporudi alikuta chumba kinanuka pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Akanusa mashuka, akanusa waya wa taa, hakuona kinachoungua.

"Usiache," mama akasema kwa sauti ya usingizi. "Endelea. Ila punguza mkono, leo viganja vyako vina moto."

Kitinda akauliza aendelee na nini.

Mama akasema aendelee kumpapasa nywele, si ndivyo alivyokuwa akifanya sasa hivi.

Binti akaweka ndoo chini polepole. Akajiambia kwamba mama amelala nusu, dawa za hospitali zinaotesha ndoto. Lakini alipougusa mto, upande ule ambao kichwa cha mama hakikufika, aliukuta una joto, na katikati umebonyea.

Alimfuata Bonge kwa fundi wa pancha akamweleza. Bonge alikuwa na hasira za tairi, akazihamishia kwake. Alimwambia kwamba tangu utoto yeye ni mtu wa kutafuta kasoro, na kama anataka hoteli ya kifahari aolewe na mwenye nayo. Kitinda akamjibu kwamba siku mama akipatwa na jambo, huo ubahili wake ndio utakaosimama kaburini kumlilia. Fundi wa pancha aliinama akajifanya hasikii.

Kitinda akaingia mapokezi. Alimkuta yule mzee ameinamia meza, na badala ya kumfokea, kama alivyokusudia, alimuuliza taratibu kwa nini vyumba havina vioo.

Mzee akasema, bado anaitazama meza, "Mgonjwa wenu haoni. Ndiyo maana nikawapa kile."

Akamweleza kwa sauti ya chini, maneno yakitoka kwa shida. Kile chumba kina mwenyewe. Yuko pale tangu kabla ya nyumba kujengwa, na walipochimba msingi walijenga juu yake. Hapigi mtu wala haibi kitu. Shida yake ni moja: anataka atazamwe. Kioo, runinga, kitu chochote kinachorudisha sura, humo hujipitisha. Na aliyemtazama hutulia hapo hapo, akawa hatazami tena kingine. Wageni wawili walitolewa humo wakiwa hai, macho wazi, hawapepesi. Malori yalikuwa yamejaza vyumba vingine vyote. Yeye alidhani mtu aliyefungwa macho hatasumbuliwa.

"Ulidhani," Kitinda akasema.

Hapo umeme ukakatika. Nje magharibi ilikuwa imeshaingia, na kwenye korido palibaki ule mwanga wa kijivu usiomtosha mtu kutia uzi kwenye sindano. Ndipo Kitinda aliposikia, kutoka mwisho wa korido, mtu akicheka kwa upole kama anayembembeleza mtoto, na akasimama pale pale, kwa sababu kicheko kile alikijua, alikuwa amekisikia maisha yake yote kikitoka kinywani mwake mwenyewe.

Alikimbia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, komeo limesukumwa, na mama hakujua hata komeo liko upande gani. Akagonga kwa viganja viwili, akaita, na kutoka ndani akasikia sauti yake ikimtangulia kujibu.

"Usimsikilize huyo, mama," sauti ile ilisema. "Ni mlevi wa malori. Lete kichwa nikufungue. Daktari amepiga simu, amesema macho yamepona."

"Mama, ni mimi huku nje," Kitinda akasema. "Usiguse bendeji, huyo anataka atazamwe."

"Mama, ni mimi huku ndani," sauti yake ikasema. "Mbona unatetemeka? Fungua macho unione."

Bonge alikuja mbio na spana mkononi. Alizunguka kwenda dirishani, akashika nondo, na alikuwa karibu kusogeza pazia pale mama alipopaza sauti kutoka ndani, sauti ileile aliyokuwa akiitumia kuwafukuza waume kwenye chumba cha uzazi, akasema yeyote aliye dirishani afumbe macho na ayafumbe sasa. Bonge akayafumba. Kitinda akaegemeza paji la uso mlangoni, akayafumba yake pia, na kuanzia hapo mambo yote aliyajua kwa masikio na kwa pua, ile harufu ya kuungua ikipita chini ya mlango na kumpanda miguuni kama mvuke.

"Sogea, mwanangu," alimsikia mama akisema, sasa kwa upole. "Nitakutazama, si ndilo unalotaka? Ila kwanza sogea nikushike. Mkunga haoni kwa macho. Lete tumbo."

Kitanda kikalia. Kitu kizito kilikuwa kimekaa.

"Mwanangu nilimzaa peke yangu, mvua inanyesha, hakuna wa kumwita," mama akasema. "Kitovu chake nilikikata na kukifunga kwa mkono huu, na fundo langu nalijua hata gizani. Wewe tumbo lako ni laini kama sahani. Kitovu chako kiko wapi?"

Ile sauti ya Kitinda ikacheka tena, lakini kicheko hakikukoma mahali ambapo pumzi ya mtu hukoma, kiliendelea na kuendelea, kikapanda, kikawa chembamba, kikageuka kuwa kilio cha mtoto mchanga, kilio kile cha kwanza kabisa, chenye maji kooni, ambacho mama alikuwa hajawahi kukisikia bila mikono yake kunyooka yenyewe kukipokea, na mikono ikanyooka, akajikuta amebeba kitu chenye moto kinachorusharusha miguu, na kabla hajakitupa, kidole kimoja cha moto kikaingia chini ya bendeji upande wa kushoto na kuivuta.

Kitinda alisikia mama akiguna, na kofi la kiganja likiziba jicho. Kisha akamsikia akizungumza kwa pumzi fupi, bila haraka, neno moja moja.

"Nimeshakujua. Huna kitovu, huna mama, hakuna aliyekungoja. Mimi kazi yangu ni waliozaliwa. Toka chumbani kwangu."

Komeo likajifungua. Mlango ukafunguka kwa kishindo, na kitu kikampita Kitinda ubavuni, moto kama pumzi ya tanuri, kikaenda na korido. Mbwa wa uwanjani wakabweka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Nje, barabarani, lori lilipiga honi ndefu kama linalomkwepa mtu.

Walimkuta mama ameketi kitandani, kiganja kwenye jicho la kushoto, shuka limeungua pembeni yake umbo la mtu aliyekaa. Kitinda akamfunga bendeji upya. Bonge alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, hakusema lolote juu ya kasoro wala ubahili, machozi yanamtiririka na hana mkono wa kuyafuta.

Mzee wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni na taa ya mafuta. Aliuliza kama kweli ametoka. Kitinda akamwambia ametoka. Basi yule mzee akainua kichwa, akawatazama usoni mmoja mmoja, kwa mara ya kwanza, akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo, akawatakia safari njema.

Waliendesha bila kusimama. Mama hakusema alichokiona, na wao hawakuthubutu kumuuliza.

Siku ya kufunguliwa ilipofika, muuguzi wa zahanati aliyamulika macho yote mawili akafurahi. Yamepona, alisema, ni safi kama ya msichana. Mama alilitazama jua, akamtazama Bonge akasema amenenepa zaidi ya alivyomwacha, watu wakacheka. Lakini walipofika nyumbani alikata kitambaa cheusi, akakishonea kamba, akajifunika jicho la kushoto, na alimweleza binti yake peke yake. Jicho lile lilikuwa linaona vizuri sana. Ila halikuwa linaiona nyumba hii. Lilikuwa linaiona barabara, na mtu anayetembea kwa miguu kandokando ya lami, usiku na mchana, akija.

Kitinda alimuuliza ana sura gani. Mama akasema yuko mbali, sura haionekani. Alisema hivyo haraka mno.

Bonge alimleta mganga mwenye sifa. Alifukiza kila chumba, akanyunyiza, akasikiliza kuta, akawaambia nyumba ni safi, hakuna kitu. Na kweli ilikuwa safi. Yule wa barabarani alikuwa bado hajafika.

Tangu hapo, kila magharibi mama alikaa kwenye kigoda uani, akainua kitambaa kidogo, akatazama, akakishusha. Kitinda aliacha wateja wake saluni ili awe karibu naye saa hiyo. Leo amevuka mto, mama alikuwa akisema. Leo amelala chini ya lori, wenye lori hawajui. Leo ameukaribia mji. Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayetoa habari za mvua.

Jioni moja aliinua kitambaa akakaa nacho hivyo muda mrefu. Kitinda akamuuliza amefika wapi.

"Mtaani kwetu," mama akasema. "Yuko pale kwa muuza mkaa. Anauliza njia."

Kitinda akasema watu wa mtaa huu hawamwonyeshi mgeni nyumba ya mtu hivi hivi. Lazima kwanza watamuuliza yeye ni nani.

Mama akakishusha kitambaa, akaushika mkono wa binti yake.

"Hawamuulizi," akasema. "Wanamcheka. Wanamwambia, Kitinda, leo umepotea hata kwenu?"