Sukari ya Mkalimani

Kila asubuhi katika likizo ile, Kasuku aliamshwa na sauti mbili. Bibi alimwita kutoka jikoni, mama akamwita kutoka chumbani, na kila mmoja alikuwa na neno la kumpelekea mwenzake.

Shuleni alikuwa na jina jingine. Hili la Kasuku alibandikwa na bibi siku walipovuka mpaka na kufika, bibi aliposikia mjukuu akizungumza lugha ya ukoo bila kigugumizi. Baba alimfundisha tangu utotoni. Mama hakuijua lugha hiyo, na bibi hakuijua ya mama. Kwanza baba ndiye aliyewatafsiria, kisha akaenda mji wa pili kumsaidia kaka yake kuezeka nyumba.

"Nakuachia ulimi wangu," alimwambia binti yake. "Uutunze."

Kwao, mama alikuwa msusi mwenye maneno mengi kuliko wateja wake. Hapa ukweni alikuwa mpole kama mtoto wa darasa la kwanza. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuja, na alitaka kitu kimoja tu: mkwewe ampende. Kwa hiyo aliosha, akafagia, akapanga.

"Mwambie mama yako aache vyombo vyangu," bibi alisema asubuhi moja. "Akivipanga yeye, hata kijiko sikioni."

Kasuku akaitazama mikono ya mama iliyojaa povu, akamwonea huruma. "Bibi anasema ahsante, umevipanga vizuri."

Mama akatabasamu hadi jino la mwisho. "Mwambie nimefurahi. Ila lile godoro linanivunja mgongo. Kama kuna blanketi la kutandika, nitashukuru."

"Mama anasema amelala usingizi mnono," Kasuku akamwambia bibi, naye bibi akatabasamu.

Kumbe ukalimani ni kazi rahisi, Kasuku aliwaza. Unatia sukari kidogo, kila mtu anafurahi.

Lakini vyombo viliendelea kupangwa, na bibi akaanza kuguna kila alipofungua kabati. Mama naye aliamka ameshika kiuno. "Bibi yako ana moyo mgumu," alinong'ona jioni moja. "Hata blanketi?" Kasuku akajifanya hakusikia.

Bibi alikuwa fundi wa kutia vitambaa rangi. Siku iliyofuata alikuwa na kitambaa cha mapazia ya mwenye hoteli, amekiloweka katika beseni kubwa uani. Kabla ya kwenda sokoni alimwita mjukuu wake.

"Mwambie mama yako asiliguse lile beseni. Rangi haijakamata, kitambaa kinalala humo hadi kesho."

Asiliguse? Kama vile mama ni mtoto mchanga! Kasuku akatia sukari yake. "Bibi anasema usijisumbue na kazi za uani."

Mama akacheka. "Hiyo ni adabu tu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Kasuku akaenda zake kucheza kwa jirani. Aliporudi, kitambaa kilikuwa kimefuliwa na kuanikwa kambani, kina mabaka ya bluu na meupe. Bibi alikuwa amesimama langoni na kikapu chake. Mama alikuwa akifuta mikono, anasubiri kushukuriwa.

"Nilimkataza," bibi alisema taratibu. "Muulize, nimemkosea nini hata anidharau hivi?"

"Anasemaje?" mama akauliza. Lakini alikuwa ameshayaona macho ya mkwewe, na tabasamu likamtoka. "Basi, usiniambie. Baba yako akirudi, tunaondoka."

Sukari ilikuwapo bado mdomoni mwa Kasuku, ila safari hii ilimkaba. Akaanza kulia. Akasema yote, vyombo, godoro na beseni, na ilimbidi aungame mara mbili, kwa lugha mbili.

Bibi akatua kikapu. Aliingia ndani, akatoka na mablanketi mawili mazito, akayaweka mikononi mwa mama. Mama akamshika mkono, akampeleka kwenye beseni. Rangi mpya ikachemshwa, bibi akamwonyesha namna ya kukoroga bila kuacha mikunjo, na kwa kazi ile hawakuhitaji mkalimani.

Kitambaa kilipozama tena, bibi akamwita Kasuku.

"Kasuku gani wewe, husemi ulichoambiwa? Mjumbe hauawi, mjukuu wangu. Uliponificha maumivu ya mama yako, ulininyima nafasi ya kumtunza. Ukweli unaweza kumchoma mtu kidogo, lakini uwongo mtamu umetugombanisha bure. Kitambaa nimekichovya tena. Watu wakishachukiana, hakuna beseni la kuwachovya." Akamgeuza kwa mabega. "Haya, mwambie mama yako yote niliyosema. Usipunguze. Na vijiko vyangu asiviguse tena."

Kasuku akatafsiri karipio lake mwenyewe mwanzo hadi mwisho, pamoja na vijiko.

Mama akacheka hadi akashika mgongo. "Mwambie nimesikia. Na kijiko cha chai, anachokitafuta tangu juzi, kiko nyuma ya birika."

Kasuku akamwambia bibi, neno kwa neno.