Mkono Uliobaki Kwenye Picha

Nilitoka jua likizama, mwanangu wa miezi minne kifuani, nampeleka akapigwe picha ya pasipoti tu, hicho tu, maana fomu ilitakiwa kesho yake na baba yake alishanikumbusha mpaka nikachoka.

Mtoto wa umri ule hakai. Kwa hiyo mpiga picha alinikalisha mimi kwenye stuli, akanifunika shuka jeupe kichwa mpaka miguu, mtoto juu ya mapaja yangu, ili nyuma yake paonekane peupe.

"Leo wewe si mama, ni ukuta," akanitania. "Na ukuta haucheki."

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka.

Mkono wa kulia ulishikilia shuka kwa ndani lisiniangukie. Wa kushoto niliutoa nje, nikamshika mtoto ubavuni. Flashi ikawaka mara tatu. Chini ya shuka pakanuka... udongo mbichi. Nikadhani halikukauka vizuri.

Tukaenda kwenye kompyuta.

"Naikata, nasafisha hiyo mikono, naprinti. Dakika mbili."

"Mikono?"

Akaikuza picha. Ubavuni mwa mtoto, mkono wangu na pete yangu. Begani... mkono mwingine. Mwembamba. Kucha zina weusi.

"Kaka, huo si wangu."

"Sasa dada, wa nani? Wa kwangu?"

Akaanza kufuta. Wangu ukatoka mara moja, pale pakabaki shuka tupu. Akahamia ule mwingine. Akafuta. Ukarudi. Akaukuza mpaka ukawa vipande vidogo vya rangi, akafuta kimoja kimoja...

Vikarudi vyote.

Hakutania tena.

Hapo hapo mwanangu akapiga ukelele mikononi mwangu, kama nimemchoma.

"Rudisha wa kwangu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema vile. "Acha yote, rudisha wa kwangu!"

Akabonyeza, akabonyeza. Kisha akanong'ona, "Nimesevu juu ya ile ya kwanza. Sikuacha nakala. Na kadi ya kamera nimeshaifuta."

Printa ikaanza yenyewe.

"Nani alikaa kwenye stuli ile kabla yangu?"

Hakunitazama. "Juzi. Mama mmoja, peke yake. Akajifunika hilo shuka, akanyoosha mikono. Nikamwuliza, mtoto yuko wapi? Akasema, we piga tu."

"Ukapiga?"

"...Nikapiga."

Picha nane zikatoka kwenye karatasi moja. Kwenye ya kwanza mkono uko begani. Ya pili, umeshuka kidogo. Ya nane, umemkumbatia kifua kizima.

Sasa ni siku ya nne. Baba yake anasema nimechoka, nilale. Yeye akimbeba mtoto, kimya. Mimi nikimgusa kwa mkono tu, analia mpaka sauti inakauka. Namnyonyesha akiwa amelala kitandani, nimeinama juu yake, mikono nimeifunga mgongoni kama mwizi aliyekamatwa. Mtoto wangu mwenyewe, niliyemzaa mimi!

Leo jioni nimemlaza, nikasogea mlangoni. Akanyamaza. Akacheka. Si mimi niliyemchekesha, wala chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Ile harufu ya udongo ikanijia.

Nikarudi taratibu, nikapiga magoti kando ya kitanda nimtazame vizuri.

Godoro chini yake halijabonyea.