Umeshika?

Jua lilikuwa linazama nilipopandishwa mlingotini kubadilisha kamba iliyooza kwenye kapi la juu, lile gurudumu la kupitishia kamba. Mashua ilikuwa nchi kavu, juu ya magogo, uani kwa fundi mkuu. Shemeji alikuwa chini, ameshika kamba iliyobeba kiti changu cha ubao.

Kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu, mume wake. Alianguka kutoka mlingoti huohuo. Sisi mafundi wa kamba tuna utaratibu wetu: wa juu haachii mkono mpaka aulize, "Umeshika?" na wa chini ajibu, "Nimeshika." Siku ile alijibu mwenye mashua, simu sikioni, kamba haimo hata mkononi. Tangu tumzike kaka sijahisi kitu. Nakula, nalala, nakuja kazini, basi.

"Umeshika?" niliuliza.

"Nimeshika."

Nikaachia mlingoti, nikalishika kapi kwa mikono miwili. Likalia kri... kri... Kisha ikanijia harufu ya tumbaku.

Shemeji havuti. Aliyekuwa akivuta ni kaka.

Nikatazama chini. Shemeji alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini, chupa ya chai kwapani. Kamba yangu ilikuwa imekazwa vizuri, na hakuna aliyeishika.

Nilijua napaswa kuogopa, ila hata woga haukuja.

"Nishushe," nilinong'ona.

Nikashushwa taratibu, kama fundi anavyomshusha fundi mwenzake. Nikatoka kwenye kiti.

"Shemeji, nani kakupokea kamba?"

"Kasema nikapumzike."

"Nani?"

Akainua macho hadi kileleni mwa mlingoti.

Kiti kikaanza kupanda. Kitupu. Kikafika kileleni, na ncha ya kamba ikaanguka miguuni petu. Halafu huko juu, sauti ya kukwaruza, ile ya mvuta tumbaku:

"Umeshika?"

"Usijibu," nilimwambia. "Nakuomba, shemeji, usijibu."

Aliweka chupa chini. Akaizungusha kamba kiganjani, akaikaza.

"Nimeshika."

Kamba ikavutika ghafla. Ikamburuta hadi ubavuni mwa mashua, damu ikamchuruzika vidoleni. Nikamkumbatia kiunoni.

"Iachie!"

"Nikiachia ataanguka tena."

Alisema hivyo bila chozi, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nikaishika kamba nyuma yake. Uzito ule niliujua. Niliubeba begani siku ya mazishi.

Giza liliingia tukiwa tumesimama vilevile. Kapi lilikuwa kimya.

"Shemeji," aliniuliza polepole, "tumshushe?"

Nikaikaza kamba mikononi.