Hatua Moja Mbele ya Lenzi

Rafiki yangu Aron ni mpiga picha wa Njombe, bado anang'ang'ania kamera ya mkanda. Lenzi yake ilipoota kuvu, alishuka Makambako kwa Seleman, muuza vifaa vya mitumba, akapata lenzi ya kampuni nyingine na ringi ya kuiunganishia na kamera yake.

"Kaka, ringi hii ni nene," Seleman alimwonya. "Kitu kikizidi hatua moja kutoka kwenye lenzi, kinatoka ukungu mtupu."

Aron alipuuza. Jumapili akapiga picha za kipaimara kule Lupembe. Familia ya Mama Eveline ilisimama hatua kumi mbele yake, mashamba ya chai yakiwa nyuma yao. Kati yake na wao hapakuwa na mtu. Ameniapia.

Jioni akajifungia kwenye chumba cha giza, taa nyekundu ikiwaka, bomba likidondosha maji taratibu. Akalowesha picha ya kwanza kwenye dawa. Familia ikatoka ukungu, kama alivyoambiwa. Lakini pembeni likajitokeza sikio la mtu, safi kabisa, hadi vinyweleo.

Picha ya pili, sikio na shavu. Ya tatu, pua. Mtu huyo alikuwa anageuka.

Aron alitamani kutoka, ila familia ile haikuwa na picha nyingine. Akalowesha ya nne. Bomba likanyamaza.

Ulitokea uso mzima, ukimtazama, mdomo wazi.

Aron akaigeukia kamera mezani. Kioo cha lenzi kilikuwa na ukungu wa pumzi. Akaufuta kwa shati.

Ukarudi.