Kumstaafisha Radi

Akiwa kazini na mbwa wake Radi, Koplo Masalu hakufungua mdomo. Alifikiri tu "kushoto", na mbwa akakata kushoto katikati ya umati wa stesheni kuu ya Dodoma. Akafikiri "kamata", na mwizi akawa chini. Siri ilikuwa kipitishania, kidude kama punje ya mtama kilichopandikizwa kichwani mwa mbwa, na pacha wake nyuma ya sikio la askari. Polisi wa jiji walijivunia sana kidude hicho.

Sasa Radi amezeeka, nyonga zimekwisha. Masalu aliomba akaishi naye nyumbani, akakubaliwa. Ila kipitishania ni mali ya jeshi, kwa hiyo kilitolewa kwanza. Likabaki sharti moja: mbwa afunguliwe uani, amwendee bwana wake kwa upole. Akimng'ata mtu, hapewi raia. Huchomwa sindano ya kumuua, basi.

Masalu akaingiwa na hofu. Tangu udogo wake Radi alimjua kutoka ndani ya kichwa, si kwa sura wala kwa sauti. Akajiona mjanja, akavaa koti lake kuukuu la mazoezi, lililokunywa jasho lake miaka yote. Harufu hii hawezi kuisahau, alijiambia.

Kweli hakuisahau. Ndilo koti ambalo Masalu alikuwa akilivaa alipoigiza mwizi.

Radi alivuka uani mbio, akazamisha meno mkononi mwake.

"Acha! Radi, acha!"

Hakuachia. Hakuwahi kufundishwa neno hata moja kwa sauti. Wahudumu ndio waliomng'oa kwa nguvu.

Masalu alimwomba sana Mwantumu, daktari wa mifugo. Alisema kosa ni lake, mbwa hana hatia. Daktari alimsikiliza hadi mwisho huku akijaza sindano.

"Hatulii huyu," alisema. "Nitakigusisha kile kidude kwenye kidonda kichwani mwake, pale kilipotolewa, umwamuru alale."

"Na nikikataa?"

"Tutamfunga kamba, Koplo. Atateseka."

Kidude kilipomgusa tu, Radi akamjua. Akalia kama kitoto, akaulamba ule mkono aliouchana, mkia ukipigapiga saruji. Masalu alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mwizi yeyote.

Akafikiri "lala".

Daktari akasogea. Radi alikuwa ameshalala, anamtazama bwana wake usoni, anangoja amri nyingine.